Korija moja ya boriti ina kaboni kilo ngapi?

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema mapema asije mtu akaniuliza shahada yangu ya misitu iko wapi. Nashona madera, sare za shule na, Idi ikikaribia, kanzu za watoto mpaka usiku wa manane. Mikokoni niliingia kwa njaa tu. Miaka mitatu iliyopita, Idi ilipopita na wateja wakakauka, binti mmoja wa chuo kikuu alikuja kupanga chumba kwa jirani yetu. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu kaboni iliyomo ndani ya mikoko na thamani yake kwa pesa, na alitaka mtu wa kumshikia daftari. Akaniuliza, "Dada, unaandika namba vizuri?" Nikamwambia mimi nikikosea namba, bibi harusi wa watu haingii kwenye gauni. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye tope mpaka magotini.

Kijiji chetu kiko pwani ya Kwale, kusini ya Gazi. Ukitokea nyuma ya msikiti ukaipita minazi, ardhi inaanza kulainika, halafu uko mikokoni. Nimekulia hapo, lakini mikoko kwangu ilikuwa kuni, kaa na mbu. Aliyeijua ni babu yangu, mzaa mama. Sasa amevuka themanini, na ujanani alikuwa mkata boriti. Alikata hapa kwetu na akawahi kwenda Lamu misimu kadhaa, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na huko ndiko majahazi ya Arabuni yalikokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi, matumbo yamejaa boriti. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuipeleka ng'ambo. Babu huutaja mwaka huo kwa sauti ya mtu anayetaja msiba.

Babu hana habari na sentimita. Anajua fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kwa mpango wa unene, kuanzia ile ya kufumia ukuta wa udongo mpaka ile inayotaka watu wawili begani. Kipimo chake ni mikono. Ukiuzungushia mti mkono mmoja, gumba likakutana na kidole cha kati, hiyo ni pau. Ukitaka mikono yote miwili ndipo vidole vikutane, hiyo ni boriti. Na mauzo ni kwa korija, miti ishirini ishirini. Alikuwa akitwambia utotoni kwamba sebule za matajiri wa Lamu zilipimwa na yeye, nasi tukicheka. Nilipofika Lamu mwenyewe kwa harusi ya rafiki, nilitoa futi yangu mkobani nikapima chumba cha nyumba ya mawe: kirefu, lakini upana haukufika mita tatu. Dari imelalia boriti, na boriti ina urefu wake. Mwenye nyumba hata angekuwa na dhahabu, upana wa chumba uliamuliwa na mti uliomea topeni.

Basi turudi kwenye daftari.

Kazi ilikuwa hivi. Unakwenda maji yakipwa, unafunga kamba mraba wa mita 10 kwa 10, hiyo ni ploti, na ndani yake kila mti unapimwa: aina, urefu, kipenyo. Aina nilizijua kwa majina ya kwetu, na yule binti alinifurahia kwa hilo, kwa sababu yeye alikuwa na majina ya Kilatini tu kwenye simu. Mlilana unakaa mbele kabisa, unapigwa na bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, wa magongo, ile mizizi ya juu iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia, mkandaa, na mchu ambao una tabia ya kutokea mara mbili, mbele karibu na bahari na tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali, ambako unadumaa kama umepigwa jicho. Mkomafi na msikundazi ni wa kuonekana mmoja mmoja. Babu anasema msikundazi ulikuwa wa milingoti, na mtu aliyekata msikundazi kwa ajili ya kuni alihesabiwa hana akili.

Kipenyo hupimwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini, karibu na kifua. Lakini mkoko una magongo yake, mengine yanaanzia juu ya kichwa changu, kwa hiyo hapo sheria inabadilika: unatafuta gongo la juu kabisa, unapanda sentimita 30 juu yake, ndipo unapima. Nimeparamia mikoko nikiwa na dera na leso kiunoni, chaza waliong'ang'ania magongo wakinikata nyayo, yule binti chini ananiambia, "Dada, soma namba!" Ukitazama meza safi za namba za watu wa kaboni, ukumbuke kuna mwanamke amening'inia mahali.

Tepu ya mradi ilikuwa ya aina ya peke yake. Unaizungusha mtini nayo inakusomea kipenyo moja kwa moja, kwa kuwa alama zake zimekwisha kugawanywa kwa 3.14. Mimi hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba unazungusha, unasoma, unaandika. Wiki ya pili ile tepu ikateleza ikazama kwenye mkono wa bahari, tukaitafuta mpaka maji yakatufukuza. Nikasema hakuna neno, mimi nina futi yangu. Siku iliyofuata yule binti alikuwa na homa, nikaenda na kijana mmoja wa kunishikia kamba, tukapima ploti mbili nzima kwa futi ya cherehani, na kila namba nikaiweka kwenye safu ya kipenyo.

Sasa nyinyi mafundi wenzangu mnanielewa. Kiuno ni mzingo. Kifua ni mzingo. Paja ni mzingo. Hakuna mteja aliyewahi kuja dukani kutaka sketi kwa kipenyo.

Jioni ile yule binti aliingiza namba kwenye kompyuta, akanyamaza, akaniita. Ploti zangu mbili zilikuwa na kaboni kuliko zote alizopima tangu aje, zikiwekwa pamoja. Mti mmoja wa kawaida, wa kukumbatiwa na viganja viwili, ulikuwa umetoka na uzito wa tani moja na nusu na ushei. Alicheka mpaka homa ikampungua, ndipo akaketi akanionyesha fomula, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii.

Fomula yenyewe ni fupi. Kipenyo cha mti kwa sentimita unakipandisha kwa kipeo cha 2.46, unazidisha kwa 0.251, halafu unazidisha kwa uzito wa mbao ya aina hiyo, gramu ngapi kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa mkoko tulitumia 0.85. Unachopata ni kilo za mti mkavu, juu ya ardhi. Mizizi ina fomula yake inayofanana na hiyo. Shida yangu ilikuwa kile kipeo. Ukikosea kwa kuongeza namba mara 3.14, jibu haliongezeki mara tatu. Linaongezeka karibu mara 17. Laiti ningeshona hivyo, sare ya mtoto wa darasa la kwanza ingetosha kuezekea kibanda.

Lakini kipeo hichohicho ndicho kilichonifundisha jambo ambalo babu alilijua bila hesabu. Chukua pau ya sentimita 6 na boriti ya sentimita 12. Unene ni mara mbili. Uzito si mara mbili: ni mara tano na nusu. Mkata miti haingii msituni kufyeka. Anapita akichagua boriti zilizonyooka, anaacha pau na fito. Ukisimama kando ya bahari baadaye unaona kijani kilekile, picha ya kutoka angani inaonyesha kijani kilekile, na huku mzigo mkubwa wa kaboni umeshapanda jahazi. Nilipomwambia babu hayo akasema, "Tulikuwa tukiuita msitu wa namna hiyo msitu wa watoto. Wakubwa wameondoka wote."

Haya, tuuweke mti mmoja mezani. Boriti ya sentimita 12, iliyosimama. Juu ya ardhi ina kilo 96 hivi za mti mkavu, na chini ina mizizi ya kilo 43 hivi. Kaboni ni kama asilimia 47 ya sehemu ya juu na asilimia 39 ya mizizi. Jumla: kilo 62 za kaboni. Wanunuzi, yaani wale wa mbali wanaolipa ili kufidia moshi wao, hawanunui kaboni, wananunua hewa ya ukaa ambayo mti umeivuta, kwa hiyo unazidisha kwa 3.67, kwa sababu kila chembe ya kaboni ikiwa hewani hubeba oksijeni mbili mgongoni. Unapata kilo 227. Tuseme tani moja inauzwa dola 10, ili hesabu iwe nyepesi, na dola ni shilingi 130. Mti wetu una thamani ya shilingi 295.

Nilimpelekea babu hesabu hii barazani, kahawa mkononi. Babu huniita bi mdogo, utani wa siku zote, na bibi husikia jikoni akasonya.

"Nipe kwa korija," akasema.

Nikampa kwa korija. Boriti ishirini ni tani nne na nusu za hewa ya ukaa, shilingi elfu tano na mia tisa.

"Na miti inabaki imesimama?"

"Inabaki."

"Na mwakani wanalipa tena?"

"Hapana, babu. Kaboni hiyo ni ileile. Mwakani wanaweza kulipa kilichoongezeka tu."

Akanywa kahawa yake taratibu. "Bi mdogo, mwenye shoka angepata zaidi."

Sikuwa na jibu, na hata leo sijapenda majibu ya haraka niliyoyasikia kwenye semina. Ukihesabu mti peke yake, shina na matawi na mizizi, kwa bei za namna hiyo, kweli mwenye shoka anashinda. Yeyote anayekuja kijijini kuwaambia watu kila mkoko ni pesa inayoota, mwombeni aandike hesabu ya mti mmoja mbele yenu.

Jibu nililipata wiki ya tatu, na lilikuwa linanuka mayai viza.

Mimi nilikuwa naona tope kama kitu cha kuvuka tu. Yule binti alikuja na bomba la chuma lililopasuliwa ubavu, lenye mshikio juu. Unalisukuma chini mita moja, unalizungusha, unalivuta, na tope linatoka zima kama mkate wa sinia uliokatwa kwa urefu. Juu ni kahawia. Chini ni jeusi, limejaa nyuzi za mizizi ya zamani, nyingine bado unazitambua. Ile harufu ndiyo siri yenyewe. Maji yamejaa kwenye tope, hewa haipiti, na wadudu wadogo wanaoozesha majani na mizizi wanafanya kazi kwa uvivu. Shambani kwetu jani likianguka, kufikia mvua ya pili limekwisha. Mikokoni linazikwa, na mto na bahari vinaongeza udongo juu yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka unapata vitu vya enzi ambazo hata babu yake babu hakuwapo.

Kazi yangu hapo ilikuwa kushika mifuko na kuandika kina: tano, kumi, kumi na tano. Vipande vilikaushwa kwenye oveni kwa nyuzi 60, vikapimwa uzito, kisha vikachomwa kwa nyuzi 450. Kilichopungua ni kile kilichokuwa hai zamani, na karibu nusu yake ni kaboni. Hesabu ya tope ni nyepesi kuliko ya mti, haina kipeo. Tuseme sentimita moja ya ujazo ina nusu gramu ya tope kavu, na asilimia 8 ya hiyo ni kaboni. Ukishuka mita moja, kwenye eneo la ukucha wa kidole chako, una gramu 4. Gramu 4 tu! Zidisha kwa hekta nzima: tani 400.

Sasa ilinganishe na miti. Ploti yenye korija kamili ya boriti za sentimita 12 ina kilo 1,240 za kaboni, yaani tani 124 kwa hekta. Tope limeshika zaidi ya mara tatu ya hapo, na tumechimba mita moja tu. Mwaka 2011 watafiti waliopima misitu 25 ya mikoko katika Bahari ya Hindi na Pasifiki walipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, na sehemu ya udongo ilikuwa kati ya asilimia 49 na 98. Kwa hiyo mimi na babu tulikuwa tunagombania kifuniko cha sufuria.

Nikarudi barazani. Nikamwambia, babu, boriti ni shilingi mia tatu kasoro, lakini ukifyeka kabisa, tope likipigwa jua na kupata hewa, au likichimbwa mabwawa ya kufugia kamba, nalo linaanza kuoza na kurudisha hewani vilivyozikwa. Akafikiri. Akasema hata wao walikuwa wakikwepa kurudi mahali palipofyekwa tupu, kwa sababu tope lilikuwa linatitia na hakuna mche unaoshika. "Pale pamekufa," akasema. Anapajua mahali pa namna hiyo Gazi, ambako miaka ya sabini mikoko ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na pakabaki uwanja mpaka watafiti walipoanza kupanda tena mwaka 1991.

Gazi ni lazima niieleze kidogo, kwa kuwa kila mtu akisikia kaboni ya mikoko ananiuliza kama ni ile ya Gazi. Ndiyo, ni jirani zetu. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza kaboni mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni, wakisaidiana na watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi ya serikali, KMFRI. Eneo ni hekta 117, nyingi ni msitu wa asili na 10 hivi ni za kupandwa. Wanauza kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka.

Gawanya. Ni tani 25 na nusu kwa hekta. Na mimi nimewaonyesha hapo juu kwamba hekta, miti na tope la mita moja, inaweza kuwa na tani 524 za kaboni, ambazo kwa hewa ya ukaa ni zaidi ya 1,900. Mbona wanauza kidogo hivyo? Nilimuuliza yule binti nikidhani wameibiwa. Kumbe hawauzi kilichomo ndani. Wanauza tofauti: kati ya msitu unaolindwa na kupandwa, na msitu ule ambao ungekuwapo kama watu wangeendelea kukata kama zamani. Kilichokuwapo tayari na hakikuwa hatarini hakina mnunuzi. Ni kama mtu alipie mzigo uliookolewa chomboni, si mzigo wote ghalani.

Pesa zake, miaka ya mwanzo, zilikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka. Ni kama dola 100 kwa hekta. Vijiji viwili hivyo vina watu zaidi ya elfu tano. Mkigawana mkononi kila mtu anapata dola mbili na senti, na kesho mnakuwa maskini vilevile, sasa mna ugomvi juu yake. Waliamua pesa ziende kwenye maji ya bomba na shule, na mkutano wa kijiji ndio unaoamua. Hilo nalipenda kuliko hesabu yote ya kaboni. Pia walipanda mivinje ili mtu anayetaka mti wa kujengea asilazimike kuingia mikokoni, maana ukifunga mlango huu bila kufungua mwingine, shoka linahamia kijiji jirani, na kijiji jirani ndio sisi.

Kusini zaidi, Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wameingia, hekta 460. Na mikoko yenyewe, ujue, si mali yetu kwa karatasi. Ni msitu wa serikali tangu enzi za Mwingereza, mwaka 1932. Watu wa kijiji wanaingia kwa mkataba wa kuusimamia pamoja. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, gharama zikishatolewa. Kabla hujashangilia soma tena yale maneno ya mwisho. Mimi ni mfanyabiashara, najua gharama ni kitambaa cha kunyumbulika.

Sehemu ya pili ya tasnifu ilikuwa thamani nyingine: samaki, kaa, kamba, kuni, asali, watalii wanaotembea kwenye daraja la mbao la kina mama wa Gazi, na mawimbi yanayovunjika kabla hayajafika kwenye nyumba. Vingine vina bei sokoni, unauliza muuzaji. Mawimbi unahesabu ukuta wa saruji ungegharimu kiasi gani badala yake. Na vile visivyo na soko wala ukuta, unamwendea mtu na dodoso unamuuliza angekuwa tayari kulipa kiasi gani ili mikoko isipotee.

Nilikuwapo yule binti alipomuuliza babu swali hilo. Babu alimtazama kwa huruma.

"Nilipe mimi?"

"Ndiyo babu, tuseme kwa mwezi."

"Nimlipe nani?"

Binti akaniangalia. Kwenye karatasi hakukuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo. Akaandika sifuri, na mimi nikamwambia ile sifuri si ya kweli, kwa sababu mzee huyu, ambaye kwenye karatasi thamani yake ni sifuri, ndiye aliyemkimbiza kwa bakora kijana aliyekuwa akichoma mkaa wa mchu nyuma ya kisima. Wakabishana na msimamizi wake kwenye simu. Mwishowe majibu ya watu kama babu waliyaweka kando, kama majibu ya kupinga swali. Labda ndivyo inavyopaswa kitaalamu. Lakini bei ya wastani iliyotoka ni ya wale waliokubali kucheza mchezo.

Nina shaka nyingine ndogo. Ile fomula ya kipeo ilitokana na mikoko iliyokatwa na kupimwa Thailand na Indonesia. Ni nzuri, inatumika kote, na kipenyo kinabeba sehemu kubwa ya ukweli. Lakini kwa lugha ya dukani, ni kukata gauni la mteja kwa vipimo vya binamu yake. Linaingia. Kwapani utaona. Mchu wetu wa nyuma, uliodumaa na kugawanyika mashina manne, sidhani kama una binamu Thailand.

Tasnifu ilikwisha, binti akaondoka, akaniachia tepu mpya na orodha ya miti iliyopigwa vibati vya namba. Mwezi uliopita alinipigia akaniomba nirudie kupima ploti moja, ya kwanza kabisa, kwa malipo ya siku mbili. Babu akasema anakuja. Nikamkatalia, akavaa viatu.

Tulikwenda polepole, bamvua ilikuwa imeondoa maji mbali. Mti namba 14 ni mkoko ulionyooka vizuri, magongo yake mafupi, unafikika bila kuparamia. Babu akaukumbatia kwa viganja kama anavyofanya siku zote, gumba kwa gumba, na vidole vya kati vikabaki vinatazamana bila kugusana.

"Umenenepa," akasema.

"Au vidole vimefupika."

"Pima, bi mdogo, acha maneno."

Miaka mitatu iliyopita daftari lilisema sentimita 11.6. Tepu ikasema 12.4. Nilifanya hesabu hapohapo kwenye simu, nimeegemea mti: kilo 10 za kaboni zimeongezeka, hewa ya ukaa kilo 36, shilingi arobaini na saba. Kwa miaka mitatu. Babu alitaka kujua hizo shilingi arobaini na saba ni za nani, yeye, mimi, serikali au yule binti, na tulikuwa bado tunabishana juu ya hilo nilipotoa futi yangu ya cherehani mkobani ili kuhakikisha, nikauzungushia mti. Thelathini na tisa. Safari hii nilichora safu mpya pembeni ya daftari, nikaandika juu yake MZINGO kwa herufi kubwa, ndipo nikaiweka namba.